Hatua Nne Kando ya Stesheni

Jumatatu, tarehe 1 Juni

Stesheni yetu itajengwa upya. Si uvumi tena. Leo wamefungua ofisi ya mradi katika chumba cha zamani cha mizigo, na mlangoni wamebandika picha ya stesheni itakavyokuwa. Nimesimama mbele ya picha ile mpaka miguu ikafa ganzi. Paa la kioo. Nuru inamwagika kama maziwa. Watu waliochorwa wanatembea bila mizigo, bila haraka, bila hata vivuli. Pembeni kulia yupo mwanamume wa makamo, ameshika mkoba, anatazama juu. Mabega yake ni yangu kabisa.

Nikaingia ndani. Afisa wa mipango miji ni mama mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Humu nitamwita Miwani. Alinieleza kwa upole kwamba kila kitu kiko tayari isipokuwa mambo mawili. Kwanza, ukanda mwembamba wa ardhi kando ya geti dogo, ambapo lango jipya la abiria litapita. Mwenyewe ni fundi cherehani, mama mtu mzima, na bado hajasaini fomu ya ridhaa. Pili, kibali cha ujenzi. Hicho hakitoki mpaka tangazo likae wazi siku kumi na nne, na mwenye pingamizi asikilizwe.

Fundi cherehani huyo ni shangazi wa mke wangu.

Nikamwambia Miwani kwamba mimi ni dalali wa nyumba na viwanja, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwamba mama yule hafanyi jambo bila kuniuliza. Nikaahidi kuileta saini upesi. Akanipa fomu, akaandika jina langu daftarini. Mbele ya jina aliandika neno moja fupi. Naamini ni "Mshauri".

Sikumweleza kwamba Shangazi hajanisemesha tangu mwaka juzi, nilipompangishia mpiga tarumbeta chumba chake cha uani. Mambo madogo ya kifamilia.

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu. Nilimkuta anasahihisha madaftari, nikampa habari zote. Akauliza kama Shangazi anajua kwamba hafanyi jambo bila kuniuliza. Nikamwambia atajua kesho.

Jumanne, tarehe 2 Juni

Nimekwenda kwa Shangazi. Nilikuwa nimeshaipiga hesabu. Mwanamke mwenye pini mdomoni hawezi kukataa jambo. Basi nisiende kuomba saini. Niende kupimwa suti.

Duka lake ndilo ukanda wenyewe. Upana hatua nne, urefu hatua ishirini na mbili, limebanwa kati ya ukuta wa stesheni na barabara kama kalamu iliyoangukia nyuma ya kabati. Ndani mnanukia chaki na mafuta ya mashine. Treni ikipita, mikasi iliyotundikwa ukutani inagongana taratibu. Shangazi huinua mguu kwenye kanyagio, husubiri ipite, kisha huendelea. Ana miaka thelathini na moja hapo, anashona sare za watu wa reli.

Shikamoo yangu aliiitikia kwa kichwa. Nikasema nataka suti ya siku ya ufunguzi. Akachukua tepu, akatia pini mdomoni. Nikaanza. Nikamweleza paa la kioo, nuru, watu wasio na haraka. Nikamweleza jinsi lango litakavyopita hapa hapa tuliposimama, na abiria wakiingia kwa mamia, polepole, kama usingizi unavyoingia kichwani. Nilifumba macho nilipokuwa nasema. Sijui nilisema kwa muda gani. Nilipofumbua, alikuwa amemaliza mikono na kiuno.

Hakupinga hata neno moja.

Alipotoa pini akasema kiuno kimenenepa, nirudi Jumanne ijayo. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka miwili. Nikaiweka fomu mezani. Akauliza kama karatasi ile ni ya kukatia kola. Nikamwambia aisome akipata nafasi.

Kimya ni nusu ya ndiyo. Kiuno naona ni nusu ya pili.

Alhamisi, tarehe 4 Juni

Shemeji yangu ameingia kwenye mradi. Huyu ni mdogo wa kiume wa mke wangu, mpima ardhi, kijana wa kusoma, anayepiga mluzi akiwa kazini. Wamempa fulana inayong'aa na helmeti ya njano. Nilimkuta kwenye geti dogo na chombo chake cha miguu mitatu, anachungulia ukanda wa Shangazi kwa jicho moja.

Nikamwambia asijisumbue, ni hatua nne. Akajibu kwamba hatua si kipimo, inategemea miguu ya nani. Nikamwambia miguu yangu imepima viwanja tangu yeye hajaota meno. Akaandika namba fulani, akaendelea na mluzi.

Nilimuuliza Miwani kuhusu helmeti yangu. Akasema helmeti ni za wanaofanya kazi chini ya vitu vinavyoweza kuanguka. Nikamwambia dalali ndiye anayefanya kazi chini ya vitu vinavyoweza kuanguka. Akatabasamu. Hakunipa.

Alinipa tangazo badala yake. Ubao mzima, maandishi meusi, yanasema nini kitajengwa na mwenye pingamizi alete barua. Akataka libandikwe mahali ambapo kila apitaye ataliona. Nikabeba ubao mwenyewe kwa heshima zote.

Nikaanza kutafakari. Kila apitaye akiliona, mapingamizi yatakuja kama mvua ya masika. Lakini kuna upitaji wa aina nyingi. Nikaubandika kwenye ukuta wa nje unaotazama reli, baada ya jukwaa kuisha, mahali ambapo treni imeshaanza kuchanganya mwendo. Nikakaa kwenye majani kutazama. Treni ya saa tisa ilipopita niliona nyuso dirishani, moja moja, na nikawaza kwamba kila mmoja amesoma neno moja tu. Mmoja amepata "stesheni". Mwingine "wananchi". Yule mama aliyeegemea kioo huenda alipata "kusudio", na anakwenda nalo mpaka mwisho wa safari, akijiuliza ni la nini.

Ijumaa, tarehe 5 Juni

Miwani ameliona tangazo. Alikuwa ndani ya treni ya asubuhi. Alisoma neno "ndani".

Limehamishiwa mbele ya dirisha la tiketi. Siku kumi na nne zimeanza upya, hadi tarehe 19. Shemeji alishika nyundo, mimi nilishika misumari. Watu wawili walimwuliza yeye maswali kwa sababu ya helmeti.

Miwani aliulizia saini ya Shangazi. Nikamwambia mazungumzo yameiva, yamebaki kuepuliwa.

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Hakuna jambo. Nimelala mchana. Nikaota niko kwenye stesheni mpya, peke yangu, na reli zimejaa maji safi. Treni ikaja juu ya maji bila sauti. Mlango ukafunguka, kondakta akaniita "Mshauri", nami nikawa natafuta mguu wa kupandia. Mke wangu akaniamsha nikaanue nguo, mvua inakuja.

Jumanne, tarehe 9 Juni

Suti imekamilika. Ya kijivu, kama wingu lisilo na nia mbaya. Nilijitazama kwenye kioo cha Shangazi kilichopasuka pembeni, nikaona mtu anayestahili kukata utepe.

Shangazi leo alikuwa mchovu. Alikuwa anajikandakanda vidole. Aliniambia nisisahau kuangalia mfuko wa ndani. Nikaupapasa kwa nje, nikamwambia ni imara kabisa. Koti linatoa sauti ya kuparuza ukilikunja. Bitana bora huwa na sauti.

Nikaulizia fomu kwa mbali. Akanitazama kidogo, akasema yeye amekwisha maliza yake. Sikuelewa ni yake yapi. Wazee wana mafumbo. Niliona si vizuri kulisukuma jambo linalokwenda lenyewe.

Suti nimeitundika nyuma ya mlango wa chumbani, ndani ya mfuko wa nailoni. Haiguswi mpaka siku yenyewe.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Mambo mabaya. Hakuna pingamizi hata moja.

Siku sita tangazo liko mbele ya dirisha la tiketi. Watu wanalisoma, wanasema itakuwa vizuri, wanakata tiketi. Miwani ana furaha. Amesema hali ikiendelea hivi, kikao hakitahitajika, na kuhusu ukanda wa Shangazi atamtuma Shemeji akazungumze naye. Ni shangazi yake wa damu, akasema, atamsikiliza.

Shemeji alikuwa kando anafuta vumbi kwenye helmeti. Akasema hakuna shida, atapita wiki ijayo.

Nimetembea mpaka nyumbani kwa njia ndefu. Miaka kumi na tisa ya udalali imenifundisha jambo moja: pasipo na mgogoro, dalali hana kiti. Mgogoro ukiwepo, wote hutafuta mtu wa katikati.

Inahitajika pingamizi. Moja tu, la adabu. Nami nitajitokeza kumtuliza mpingaji. Nani atakayeweza kunituliza mimi kuliko mimi mwenyewe?

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Nimeandika.

Nilikwenda kwenye jukwaa saa nane mchana, wakati hakuna treni. Nia yangu ilikuwa kuandika juu ya mitaro ya maji machafu. Ni pingamizi zuri, halimuumizi mtu. Nikaketi kwenye benchi la mbao ndani ya ukumbi wa kusubiria, nikaandika "Ndugu Afisa", kisha nikainua macho kutafuta neno.

Sijui yalitoka wapi yaliyofuata. Niliona benchi lenyewe, lilivyobonyea mahali patano, kwa watu watano wanaosubiri siku zote, ingawa kila siku ni wengine. Nikaandika hilo. Niliona kizingiti cha dirisha la tiketi kilivyolika na viwiko mpaka mbao imekuwa laini kama shavu. Nikaandika. Mkuu wa stesheni alikuwa anafagia, na kila akifika kwenye miguu ya mtu anasema samahani, hata mtu akiwa amelala. Mbayuwayu wamejenga juu ya taa ya pili, na taa ya pili haijawashwa tangu wajenge, na hakuna aliyelalamika.

Na nyuma ya ukuta, cherehani. Inakimbia, inanyamaza, inakimbia. Nikaandika kwamba anayesubiri hapa akifumba macho husikia kana kwamba kuna mtu anazishona reli mbili zisiachane.

Kurasa nne. Mitaro niliisahau.

Mwisho wa barua wanataka jina na namba ya kiwanja, bila hivyo haipokelewi. Nikaandika "Msafiri wa Zamani". Namba ya kiwanja ninayoijua kwa moyo ni moja tu, 17B, kwa kuitazama sana kwenye fomu ya Shangazi. Nikaiandika hiyo. Ni namba tu. Hakuna afisa anayefuatilia namba.

Nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni wakati Miwani amekwenda kula.

Jumatano, tarehe 17 Juni

Kuna afisa anayefuatilia namba.

Miwani aliniita asubuhi. Akasema limekuja pingamizi moja, na kwamba ameshalisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Alivua miwani kunieleza. Macho yake ni madogo na mazuri. Akasema mwandishi yuko kiwanja 17B, kwa hiyo wito wa kikao umepelekwa huko jana na Shemeji, kwa mkono, pamoja na nakala ya barua. Kikao ni Jumanne. Akaongeza, si kwa ukali, kwamba nilimwambia mazungumzo yameiva.

Sikumbuki jinsi nilivyotoka. Nilijikuta niko mlangoni kwa Shangazi.

Cherehani imesimama. Yeye amekaa kwenye kigoda chake na kurasa nne mapajani, miwani ya kusomea puani. Hakuniangalia. Akanionyesha kwa kidole niketi. Nikaketi juu ya rundo la sare. Akasoma mpaka mwisho. Akarudi ukurasa wa tatu, akausoma tena. Treni ikapita, mikasi ikagongana ukutani, naye akainua mguu juu ya kanyagio kwa mazoea tu.

Nikaokota pini sakafuni, moja moja.

Hatimaye akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mkwe, ule mfuko wa ndani uliuangalia?"

Nikasema ndiyo, Shangazi, na ni mfuko wa kupigiwa mfano.

Alinitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua siku nyingi. Akachemsha chai. Tukanywa. Sielewi kitu, lakini chai ilikuwa na tangawizi.

Ijumaa, tarehe 19 Juni

Siku kumi na nne zimeisha. Pingamizi ni lile lile moja. Langu.

Shemeji amepita nyumbani, na nakala ya ile barua mkononi. Amesema Shangazi amekataa kuzungumza naye juu ya fomu, anasema fomu yake iko panapohusika. Shemeji anadhani uzee umeanza kumchezea. Mke wangu akamwambia uzee wa Shangazi una akili kuliko ujana wa wengine, na akanitazama mimi, ambaye si kijana.

Kisha akaniomba nimwonyeshe nilipoandika orodha ya sokoni wiki iliyopita. Akaisoma orodha ile kwa utulivu, hasa herufi za "vitunguu". Akaikunja, akaitia katikati ya madaftari. Walimu wana tabia hiyo.

Jumanne, tarehe 23 Juni

Niandike haraka kabla mkono haujapoa.

Kikao kilifanyika ndani ya ukumbi wa kusubiria. Kamati watu watano, meza moja, mwenyekiti mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Watu walijaa mpaka kwenye jukwaa. Shemeji alitundika ramani zake ukutani, amevaa helmeti ndani ya nyumba. Mimi nilivaa suti. Nilisema siku haiwezi kuwa kubwa kuliko hii. Nilikaa safu ya mbele, hatua mbili kutoka kwa Miwani.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Shangazi akisimama kukana barua, na mimi nasimama kama mtu wa katikati, naomba barua iwekwe kando, naahidi saini ndani ya wiki. Wote wanapumua.

Shangazi akasimama. Tepu shingoni. Mwenyekiti akamuuliza kama barua ni yake.

"Sikuiandika," akasema. "Lakini ni yangu."

Akaanza kuisoma.

Alisoma kama anavyoshona, kwa kwenda na kusimama. Aliposoma juu ya mbao za benchi, waliokaa juu ya benchi waliinuka kidogo kutazama walipokaa. Aliposoma juu ya taa ya pili, kamati nzima iliinua macho, na mbayuwayu mmoja akaingia kwa wakati wake, hakujali kikao. Mkuu wa stesheni alikuwa amesimama na fagio lake. Aligeukia ukutani.

Mimi nililia. Sioni haya kusema. Nilisahau kabisa kwamba nimeiandika mimi. Nilikuwa nawaza, huyu Msafiri wa Zamani ni mtu wa namna gani, na kwa nini sijawahi kukutana naye.

Nikatia mkono mfuko wa ndani kutafuta kitambaa. Nikatoa karatasi.

Fomu ya ridhaa. Kiwanja 17B. Imesainiwa kwa kalamu ya bluu, herufi zimetulia, tarehe 8 Juni. Wiki mbili ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wangu wa chumbani, ndani ya mfuko wa nailoni.

Nikaikunjua gotini. Paa la kioo likaja mbele ya macho yangu, lote, na nuru yake. Mwanamume mwenye mkoba akageuka kunitazama.

Shangazi alimaliza, akaketi. Mwenyekiti akakohoa, akauliza kwa ajili ya kumbukumbu, mwenye kiwanja amewahi kutoa ridhaa ya maandishi? Miwani akageuka kwangu. Wote wakageuka kwangu. Ilibaki nisimame na kunyoosha mkono.

Nikasimama. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna kitu kimepungua humo ndani. Nilisikiliza. Cherehani. Mwenye cherehani alikuwa huku, na nyuma ya ukuta hapakuwa na sauti yoyote. Nimekaa kwenye ukumbi ule maisha yangu yote, sikuwahi kusikia unyamavu wa namna ile. Ulikuwa kama nyumba ya mtu aliyehama.

"Hakuna karatasi, Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema.

Sijui ni nani aliyetumia mdomo wangu. Nikaketi juu ya fomu.

Walijadiliana kwa nusu saa. Uamuzi ni huu. Ukumbi wa kusubiria hauvunjwi. Michoro irudi, ichorwe upya. Lango jipya lihamie upande wa kaskazini, kwenye uwanja wa zamani wa makaa ya mawe. Kiwanja 17B hakihitajiki tena, wala leo wala baadaye. Paa la kioo halikutajwa.

Shemeji atapima upya kila kitu, kuanzia jiwe la kwanza. Aliikunja ramani yake bila mluzi. Hilo lilinituliza kidogo.

Alhamisi, tarehe 25 Juni

Shangazi amekuja nyumbani. Hajakanyaga hapa tangu enzi za tarumbeta. Nilitaka kutokea mlango wa jikoni, lakini mke wangu alikuwa amesimama hapo.

Akaketi, akaomba maji, akanywa, akaniambia niketi karibu.

"Siku ile nilisaini kwa uchovu," akasema. "Vidole vilikuwa vinauma, nikasema basi, wachukue. Nikaitia karatasi mfukoni mwako kwa sababu mdomo wangu ulikataa kulisema. Kisha sikulala. Kila asubuhi nasema leo watakuja kuvunja. Hawaji. Nikajiuliza, huyu mkwe ameipata karatasi, mbona haipeleki?"

Nikasogeza glasi yake ya maji.

"Barua ilipokuja ndipo nikaelewa. Umeificha saini yangu, na ukaniandikia maneno ya kusimamia." Akanishika mkono. Vidole vyake ni vikavu na vina nguvu. "Mkwe, ulinijua kuliko nilivyojijua. Nami nilikuwa nakuona mtu wa hovyo."

Nikashusha macho kama wanavyoshusha watu wa busara. Nilisema kwa sauti ya chini kwamba nilifanya ambalo mtu yeyote angefanya. Jikoni mke wangu alipaliwa na kitu, akakohoa kwa muda.

Shangazi alipokwenda, mke wangu akaichukua nakala ya barua ambayo Shangazi ameniachia kwa kumbukumbu. Akakaa nayo mezani na kalamu yake nyekundu. Akasahihisha makosa matatu ya tahajia. Chini akaandika: "Kazi nzuri. Usirudie." Nilimsikia akiisoma tena chumbani, peke yake, ule ukurasa wa tatu.

Nimekaa sana dirishani leo. Nimeitafakari safari yote hii kwa uaminifu. Nimeona wazi kwamba kila hatua ilikuwa ya makusudi. Suti, tangazo, barua, mfuko. Asiyejua angesema ni bahati.

Jumapili, tarehe 28 Juni

Wiki hii mpya inaanza vizuri kuliko zote.

Asubuhi nilikutana na Miwani akitoka kwenye uwanja wa makaa ya mawe, viatu vyeusi. Akasema upande ule una familia saba zenye bustani za mboga, na zote zinapaswa kusaini ridhaa. Nikamwambia watu wa bustani nawafahamu mmoja mmoja, hawafanyi jambo bila kuniuliza. Alisita. Kisha akasema haya, jaribu, maana hana mwingine. Nimepokea fomu saba.

Mchana wakaja wenye bustani. Wazee wawili na mama mmoja mwenye tope mpaka magotini. Wamesikia kutoka kwa Shangazi kwamba ndani ya nyumba hii kuna mtu ambaye akiandika pingamizi, kamati inalia. Wakaniomba niwaandikie moja. Nilijaribu kukataa, lakini walikuwa wamenielewa vizuri mno. Nimekwisha kwenda kukaa kati ya matuta yao jioni hii, jua likiwa limelala juu ya majani ya kabichi kama paka. Nimepata ukurasa mmoja na nusu. Nadhani ni bora kuliko ile ya kwanza.

Sioni tatizo. Nitawaleta wasaini, na nitawaandikia wasisaini. Pande zote mbili zitakuwa na mtu makini.

Kikao ni tarehe 21 Julai, ukumbi ule ule. Viti vya mradi viko kulia, vya wapingaji viko kushoto. Nimepita kuangalia. Katikati kuna nafasi ya kutosha kiti kimoja.